MZAZI NA SHULE: Ama Baada ya Salamu



Jirani yangu mmoja ni fundi katika karakana ya magari hapa Dar es Salaam. Yeye na mkewe wote hufanya kazi za zamu, na kwa sababu hiyo mtoto wao wa pili, mvulana wa darasa la tano, anakaa kwa bibi yake huko Migato, katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Wasomaji wanaoikumbuka Migato kuwa sehemu ya wilaya ya Bariadi, katika mkoa wa Shinyanga, hawakukosea; mgawanyo wa sasa ulianza mwaka 2012. Jumapili moja jioni, nikiwa nimeketi barazani, jirani huyo alinijia ameshika karatasi iliyochanwa katika daftari la mistari, imekunjwa mara nne. Ililetwa na shemeji yake aliyekuja kwa basi.

“Bwana mwandishi,” aliniambia, “isome barua hii, kisha uniambie kama mwanangu anasoma au anapoteza wakati.”

Nikaisoma. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa duara, hata nikauonea wivu. Anwani ilikuwa mahali pake upande wa kulia, na tarehe chini yake. Kisha:

“Baba mpendwa, salamu sana. Ama baada ya salamu, napenda kukujulisha kwamba mimi hapa nilipo ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Madhumuni ya balua hii ni kutaka kujua hali yako. Sisi sote hapa nyumbani hatujambo. Bibi hajambo. Masomo yanaendelea vizuri. Sina mengi ila ni hayo tu. Wako mtiifu.”

Pembeni kabisa, katika ukingo wa karatasi, kulikuwa na mstari mmoja ulioandikwa wima kwa herufi ndogo, kana kwamba mwandishi wake aliona haya: “Ng'ombe aliyepotea aliludi peke yake usiku ana kengele ya mtu mwingine.”

“Barua ni nzuri,” nilimwambia.

“Nzuri?” akajibu. “Shemeji yangu ameniambia bibi yake ana wiki ya tatu hajasimama. Aliteleza njia ya kisimani akaumia nyonga. Mtoto analala naye nyumba moja, anamchotea maji, ndiye anayemshika mkono akitoka nje. Ananiandikia kwamba bibi hajambo! Huyu ananidanganya.”

Tulizungumza mpaka usiku. Nimeomba ruhusa yake niyalete mazungumzo yale katika ukurasa huu, kwani naamini barua ya namna hiyo imepata kuingia katika nyumba nyingi za wasomaji wangu, nao hawakuijua kwa sababu ilikuwa na anwani na tarehe mahali pake.

Mtoto yule hakudanganya. Aliandika alichofundishwa kuwa ndiyo barua. Nani kati yetu hakupitia “hofu na mashaka ni kwako”? Tuliinakili ubaoni, tukaikariri, tukaiandika kwa wazazi na wajomba, na baadhi yetu tukaiandika hata kwa wachumba. Ni maneno ya adabu, wala sina ugomvi nayo. Kasoro ni kwamba yamefundishwa kana kwamba barua huishia hapo.

Tuzitazame salamu zenyewe zilivyo katika maisha yetu. Mtoto yule wa Migato anapoingia katika boma la mtu asubuhi husema “Mwangaluka,” huulizwa habari za nyumbani, naye hujibu “Mhola,” yaani salama. Atajibu hivyo hata kama nyumbani kuna mgonjwa, na Mswahili wa pwani naye atajibu “nzuri” hali ana msiba. Hiyo si hila. Ni mlango wa kuingilia. Baadaye mgeni hupewa kiti, huletewa maji, huachwa apumzike, ndipo husema, “Salama, lakini bibi ameanguka.” Mtoto yeyote wa Kisukuma analijua hilo “lakini” na mahali pake. Analijua kwa mdomo. Katika kalamu hakulikuta, kwa sababu ubaoni halikuwapo.

Hapo ndipo ninapoona lilipo tatizo la kufundisha kuandika katika shule zetu, za msingi na za sekondari, za Migato na za Temeke. Mtoto huandika kila siku. Ukilifungua daftari lake la Sayansi, la Maarifa ya Jamii, la Kiswahili, utakuta kurasa zimejaa. Lakini ni maneno ya nani? Ni ya mwalimu, naye mwalimu aliyatoa kitabuni. Mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi amejaza madaftari mia moja bila kuandika hata ukurasa mmoja wa jambo alijualo yeye ambalo mwalimu wake halijui. Siku anapotakiwa kumweleza baba yake habari ambayo baba haijui, anakuwa kama mtu aliyefundishwa kuogelea juu ya mkeka.

Jirani yangu aliniuliza mwalimu angemsahihishaje. Nilidhani najua, kwa kuwa nami nilisahihishwa hivyo hivyo. Angepewa alama za anwani, za tarehe, za salamu na za mwisho wa barua. Kisha kalamu nyekundu ingelizungushia duara neno “balua” na neno “aliludi”, na pengine ule mstari wa pembeni ungekatwa kwa kuwa ukingo si mahali pa kuandikia. Nao ndio mstari pekee wa kweli katika barua nzima! Ng'ombe alipotea, akarudi usiku, amevaa kengele ya mtu mwingine. Ni nani aliyemvika? Alikuwa wapi? Mwenye kengele amekwisha kuja kuidai? Mimi, ambaye kazi yangu ni kutafuta habari, nilikuwa tayari kupanda basi nikaulize.

Kuhusu “balua” na “aliludi”, yafaa wazazi wa mjini waelewe asili yake kabla ya kucheka. Kisukuma hakina sauti ya “r”. Mtoto anayekua na lugha hiyo masikioni huisikia “r” ya Kiswahili kuwa ni “l”, naye huandika asikiavyo, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka ile ni dalili ya akili wala si ya uzembe. Kosa hilo lisahihishwe, naam, kwa sababu Kiswahili sanifu ni cha wote. Lakini lisahihishwe mwisho, baada ya mwalimu kumwuliza habari za ng'ombe. Mtoto anayekutana na wino mwekundu kabla hajaulizwa lolote hujifunza upesi sana namna ya kuandika bila kukosea, nayo ni kuandika machache, tena ya kunakili.

Mkoa wa Simiyu umepata kuonyesha kwamba jambo hili la lugha linaweza kushughulikiwa. Kati ya mwaka 2014 na 2020 mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza, ulifanya kazi huko na katika mikoa mingine kadhaa. Moja ya shughuli zake ilikuwa kuwaandaa watoto wasiosikia Kiswahili nyumbani, kwa hadithi, nyimbo na michezo, kabla hawajaanza darasa la kwanza. Mtoto aliyekwisha kusimulia hadithi kwa mdomo katika Kiswahili huwa na kitu cha kuandika siku anapopewa penseli. Asiyesimulia atachora herufi tu.

Watu wa sehemu zile, ndugu msomaji, hawahitaji kuhubiriwa faida ya kalamu. Waliijua penye mizani. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa uzito na wanunuzi. Wakaweka watu wao wenyewe, wajuao kusoma na kuandika, wasimame mizani inapopimwa na kuandika uzito uliosomwa. Kutokana na juhudi za namna hiyo vyama vya ushirika vilienea, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Nguvu ya ushirika ule ilianza kwa mtu mmoja mwenye daftari aliyeandika alichokiona kwa macho yake, hata kama karani wa mnunuzi alisema vingine.

Ilipofika mwaka 1968 Serikali, pamoja na UNESCO, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima katika mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, na makao yake yalikuwa Mwanza. Waalimu wa mradi ule walikuwa na busara moja ambayo ningependa irudi. Vitabu vyao vya kuanzia havikuwa vya “a, e, i, o, u” vitupu. Mkulima wa pamba alifundishwa kusoma na kuandika kwa mambo ya pamba, mvuvi kwa uvuvi, mwenye migomba kwa migomba. Mwaka 1974 likaanza huko Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili watu waliokwisha kujua herufi wapate cha kusoma, nao wasomaji waliliandikia barua. Mtu mzima wa Usukuma alijifunza kuandika huku akiandika juu ya shamba lake. Iweje mjukuu wake afundishwe kuandika huku akinakili?

Ninasikia mwalimu wa Sayansi akisema, “Hayo ni ya mwalimu wa Kiswahili.” Samahani, mwalimu. Ni yako pia, na huenda ni yako zaidi.

Chukua pamba hiyo hiyo. Huko Migato mvua za kwanza zikinyesha, Novemba au Desemba, kila boma linapanda. Mbegu ziko za namna mbili, zenye manyoya na zilizoondolewa manyoya. Mwalimu wa darasa la tano awaambie watoto wapande tano za hizi na tano za hizi nyuma ya darasa, na kila asubuhi waandike mstari mmoja. Asiwape maneno. Mmoja ataandika, “Jumatatu hakuna kitu.” Mwingine, “Jumatano ardhi imepasuka kama midomo ya bibi.” Baada ya wiki mbili kila mtoto ana mistari kumi na zaidi aliyoiandika mwenyewe. Hapo mwalimu aulize: mbegu zipi zilitangulia kuota, nawe unadhani kwa nini? Jibu liwe nusu ukurasa. Mtoto atalazimika kupanga jambo la kwanza na la pili, kutofautisha alichokiona na anachokidhani, na kutafuta neno linalofaa. Hiyo ni sayansi, nayo ndiyo insha. Mwezi wa Septemba, wazazi wanapong'oa na kuchoma miti ya pamba ili wadudu wasipate pa kujificha hadi msimu mwingine, mtoto aandike ni kwa nini kinachochomwa kinachomwa. Wengi wanaijua kazi hiyo kwa mikono. Sababu hawajawahi kuulizwa.

Katika Hisabati nako mtoto anaweza kuandika, ingawa najua baadhi ya wasomaji watainua nyusi. Magunia matatu yamepimwa, kilo 48, kilo 52 na kilo 45. Jumla ni 145. Kitabu cha mizani kinasema 140. Kumwambia mtoto atoe, apate 5, ni kazi ya dakika moja. Mwambie sasa amwandikie katibu wa chama cha msingi, kwa adabu, sentensi nne za kuonyesha kwamba kilo 5 hazionekani na kueleza alivyojua. Huyo ataelewa kutoa na kujumlisha kuliko yule aliyefanya hesabu ishirini za namna moja. Na akikua hatanyamaza penye mizani.

Mwalimu wa Historia ndiye mwenye utajiri mkubwa kuliko wote, na aghalabu hautumii. Bibi yule aliyelala na nyonga yake alikuwa na umri wa kuelewa mambo wakati watu wa mkoa wa Shinyanga walipohamishiwa vijijini mwaka 1974. Nyumba yao ya zamani ilikuwa wapi? Walibeba nini? Mti gani ulibaki? Mtoto aende na maswali matatu, arudi na ukurasa mmoja. Hakuna kitabu cha kiada ambacho kingempa majibu hayo, na kwa hiyo hakuna pa kunakili.

Kuhusu madarasa ya chini sina maneno mengi. Tangu mwaka 2015 mkazo wa darasa la kwanza na la pili umewekwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu, ile tunayoiita KKK, na jambo hilo ni jema. Naongeza tu kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuchora ng'ombe na kuandika chini yake neno moja alilolichagua mwenyewe. Akiandika “mkali”, amekwisha kuwa mwandishi. Wa darasa la tatu ataandika sentensi mbili za kwa nini ni mkali.

Sasa nije kwenye vikwazo, kwa sababu sipendi waalimu waseme kwamba watu wa magazeti tunaishi mawinguni.

Kikwazo cha kwanza ni mtihani. Kwa miaka mingi mtihani wa kumaliza darasa la saba umekuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua jibu, na tangu mwaka 2012 majibu yamekuwa yakisahihishwa kwa mashine. Baadaye maswali machache ya kuandika jibu yaliingizwa. Mwalimu anayepimwa kwa idadi ya waliofaulu atafundisha kuweka kivuli katika kiduara, nami simlaumu peke yake. Sisi wazazi ndio tunaouliza “amepata ngapi?” hata kabla ya kuuliza “ameandika nini?”

Kikwazo cha pili ni wingi wa watoto. Tangu ada na michango ilipoondolewa mwaka 2016 watoto wengi walioachwa nje waliingia shuleni, nasi tulifurahi, na bado tunafurahi. Lakini si ajabu katika mikoa ya Ziwa kukuta darasa moja lina watoto mia. Mwalimu asahihishe insha mia usiku kwa taa gani? Hapa nina maoni yangu, nayo nayatoa kwa unyenyekevu. Si kila kilichoandikwa lazima kisahihishwe na mwalimu. Watoto wawili wawili wasomeane; anayesikiliza aruhusiwe kuuliza maswali mawili ya jambo ambalo hakulielewa, na mwandishi akarekebishe. Mwalimu achukue madaftari kumi kwa siku, na katika kila moja aandike swali moja tu. Swali, wala si alama. “Kengele ilikuwa ya nani?” Katika siku kumi atakuwa ameyapitia madaftari yote mia.

Na hapo nimegusa jambo ambalo ni kubwa kuliko yote kwa maoni yangu, nalo ni kuandika mara ya pili. Shuleni mtoto huandika mara moja, hupewa alama, hufunga daftari. Katika kazi yetu ya gazeti hakuna mtu anayefanya hivyo. Nilipoingia chumba cha habari kwa mara ya kwanza, stashahada ya uandishi ikiwa bado inanukia wino, nilitumwa kuandika ajali ya basi. Nikaanza kwa kumtaja kiongozi aliyefika mahali pa tukio, cheo chake, msafara wake na pole alizotoa. Mhariri aliisoma, akaniuliza swali moja, “Nani wamekufa?” Walikuwa katika aya ya saba. Niliiandika upya mara tatu jioni ile, na mara ya tatu mikono ilikuwa ikitetemeka kwa hasira. Hasira hiyo haipo tena, lakini swali lile lipo mezani kwangu kila siku. Nilikuwa nimefanya kama mtoto wa Migato. Nilisalimia, nikaificha habari yenyewe.

Kikwazo cha tatu kinamngoja mtoto mlangoni pa sekondari. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Katika kidato cha kwanza Biolojia, Jiografia na Historia hugeuka kuwa za Kiingereza, na mtoto aliyeanza kupata sauti yake huipoteza tena, akarudi kunakili ubao. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake tunao hadi leo. Sitaumaliza mimi katika safu hii. Nasema tu kwamba mwanafunzi anayejua kueleza kwa Kiswahili kwa nini mbegu moja iliota mapema ana jambo la kulisema kwa Kiingereza pia, akipewa maneno. Asiye na jambo la kusema hukariri katika lugha zote mbili.

Mwandishi mmoja wa kanda ile ile ya Ziwa anastahili kutajwa hapa, hasa kwa wale wanaodhani kwamba lugha ya nyumbani humharibu mtoto. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Alikaa na mswada huo miaka mingi bila kupata mchapaji. Hatimaye aliuandika wote upya kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, na Tanzania Publishing House ikauchapa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Kitabu hicho kimejaa mambo ya kawaida kabisa ya watu wa kisiwani kwake: namna ya kutengeneza pombe, ya kuvua samaki, ya kumtibu mke anayetafuta mtoto. Aliandika alichokijua, akakiandika mara ya pili katika lugha ya taifa.

Jirani yangu aliyasikiliza hayo yote, kisha akasema kama fundi, “Sawa. Mimi nifanye nini kesho?”

Nilimwambia amjibu mtoto, na asianze kwa kumgombeza. Aandike salamu zake kamili, kwa kuwa adabu haiondolewi, kisha aulize maswali ambayo yeye kweli hajui majibu yake. Wazazi wenye watoto hapa hapa mjini wana nafasi kubwa zaidi. Mtoto aandike orodha ya vitu vya sokoni na bei zake, na jioni aandike kwa nini nyanya zilipanda. Mama akienda kwenye mkutano wa chama cha kufa na kuzikana, mtoto wa darasa la saba akae pembeni ajaribu kuandika muhtasari. Nimepata kuona muhtasari wa namna hiyo ulioandikwa na binti wa miaka kumi na minne ukawa bora kuliko wa katibu, ingawa katibu hakupendezwa. Na anapokuletea alichokiandika, weka simu chini, mwambie akusomee kwa sauti. Mahali utakapopotea, uliza, “Halafu?” Usiseme zaidi ya hapo. Mtoto atajua mwenyewe kwamba kuna jambo alilirukia.

Fundi alikwenda akaandika barua yake usiku ule ule. Alinionyesha. Ilianza, nanyi mtacheka, kwa “hofu na mashaka ni kwako.” Lakini chini yake kulikuwa na maswali sita. Bibi alianguka wapi, na saa ngapi? Anakula nini? Usiku anasema anaumwa wapi? Nani anapika? Amepelekwa kituo cha afya au anatibiwa nyumbani? La sita liliuliza habari za ng'ombe.

Majibu yalifika wiki iliyopita, kurasa mbili na nusu. “Balua” ilikuwa bado “balua.” Salamu zilikuwa mstari mmoja, kisha mtoto akaandika kwamba bibi alianguka penye jiwe la kufulia, jua likiwa linazama, kwamba amekataa uji lakini anakula michembe iliyolowekwa, kwamba usiku huita jina la babu, ambaye amekufa, kwamba shangazi ndiye anayepika, naye hutia chumvi nyingi. Aliandika kwamba kituoni walisema apelekwe hospitali akapigwe picha ya mfupa, lakini bibi alimkataza mtu yeyote asimweleze baba, kwa sababu baba atauza kitu. Neno “atauza” alilikata akaliandika tena mara mbili.

Baba yake aliisoma akiwa amesimama. Alipofika hapo aliketi. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akakata tiketi ya basi la Bariadi.

Habari za kengele hazikuwamo. Mtoto aliandika kwamba hizo ni ndefu, atazieleza baba akifika.